Sato wangu amezaa na ngege? Jibu kwa mfugaji wa Sengerema

Swali: "Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mfugaji mdogo wa samaki huku Sengerema, nina mabwawa mawili ya kuchimba. La kwanza niliweka vifaranga wa sato. Wengi walinifia njiani, nikajazia na samaki wadogo alioniletea mvuvi kutoka lambo la kijiji, akasema ni ngege wa asili. Sasa bwawa limejaa watoto, na wale waliokwishakua siwaelewi: mkia una mistari nusu, nusu hauna, na rangi si ya sato wala si ya ngege. Rafiki yangu aliyesoma anasema haiwezekani, wanyama wa aina mbili hawazai, na wakizaa mtoto huwa tasa. Mama mkwe anasema ni mkosi, tusiwale. Naomba unieleze: inawezekana kweli? Jike anakubalije dume ambaye si wa kwao? Wanaliwa? Naweza kuwafanya wazazi wa uzao ujao, au niwaachie tu ziwani?"

Ndugu yangu, nianze na jibu fupi ili usilale na wasiwasi. Sato na ngege, wote wa jamii ya perege, huzaana, na kwa jinsi ulivyoeleza ile mikia, nadhani ndicho kilichotokea bwawani kwako. Mkosi haupo. Nyama yao ni nyama ya samaki kama nyingine, mama mkwe ale bila hofu. Kuwaachia ziwani, hapana. Kuwafanya wazazi, hapana vilevile. Sababu za hizo hapana mbili zinahitaji maelezo marefu, na njia yake inapita kwenye swali lako ambalo mimi nimelipenda kuliko yote: jike anakubalije?

Rafiki yako hajazua. Anarudia kanuni ambayo wengi wetu tulifundishwa darasani, na ambayo ilipata umaarufu kupitia mwanabiolojia Ernst Mayr mwaka 1942: spishi ni kundi la viumbe wanaozaana wenyewe kwa wenyewe na waliotengana kiuzazi na makundi mengine. Tatizo ni kwamba watu huisikia kama sheria ya mwili, kwamba mbegu ya huyu na yai la yule vitakataana. Kwa viumbe walioachana zamani ni kweli kabisa. Kwa ndugu wa karibu, mara nyingi kinachowatenga ni tabia tu: wanapandana kwa msimu tofauti, au kina tofauti cha maji, au jike anamtazama dume wa upande wa pili na hamtaki. Ukiondoa kizuizi hicho cha tabia, chini yake hukuti ukuta mwingine.

Mifano ipo hapa hapa kwetu. Mwaka 2019 punda milia jike alitoka hifadhi ya Tsavo, Kenya, akajichanganya na mifugo ya wanakijiji. Mwaka uliofuata alionekana na mtoto mwenye mwili wa rangi ya punda na milia miguuni. Baba yake alikuwa punda wa kufugwa. Huko Gombe, Kigoma, kima na tumbili mwenye mkia mwekundu wamekuwa wakizaana kwa muda mrefu sana, na vinasaba vya tumbili wa pale vinaonyesha kwamba mchanganyiko huo umepita kizazi hadi kizazi. Amboseli wako nyani wa njano na nyani wa kijivu wanaochanganyika mbele ya watafiti waliokaa nao tangu mwaka 1971. Kwa hiyo bwawa lako halijafanya maajabu.

Kuhusu utasa, hapo rafiki yako ana nusu ya ukweli. Mfano wanaoutaja wote ni nyumbu anayezaliwa na punda dume na farasi jike. Farasi ana kromosomu, yaani nyuzi za mwilini zinazobeba urithi, 64, punda 62, mtoto anapata 63. Mwili unakua vizuri, una nguvu kuliko wa wazazi, lakini unapofika wakati wa kutengeneza mbegu au mayai, kromosomu zinatakiwa kujipanga mbili mbili na hazipati wenzao. Punda milia wa nyika ana 44, kwa hiyo yule mtoto wa Tsavo yuko kwenye hali ngumu zaidi. Mbuzi ana 60 na kondoo 54, na mimba yao kwa kawaida hufia tumboni. Kuna mmoja aliyezaliwa Botswana akakua, akapimwa akakutwa na 57, ila huyo ni wa kuhesabika. Sato na ngege hawako hivyo. Wote ni wa jenasi moja, yaani kundi moja la spishi ndugu, Oreochromis, wametengana kwa muda mfupi kwa kipimo cha mageuko ya viumbe, na watoto wao wanaishi, wanakua, na wanazaa. Wanazaa na sato, wanazaa na ngege, wanazaa wao kwa wao. Hilo ndilo linalonipa wasiwasi, na nitalirudia.

Sasa jike. Kwanza tuondoe picha moja iliyozoeleka, kwamba dume mwenye nguvu ndiye anayeamua na jike anapokea. Tazama gharama. Jike wa sato hutengeneza mayai kwa wiki kadhaa, kila yai limejaa kiini cha kumlisha mtoto. Akishataga, anayaokota mdomoni na kuyaatamia humo kwa wiki moja hadi mbili, na muda huo hali au hula kidogo mno. Ukimshika jike wa namna hiyo utaona koo limetuna na tumbo limebonyea. Dume yeye anachimba shimo la duara chini ya bwawa kama sinia, analilinda, anacheza mbele ya kila jike anayepita, na akishamaliza na mmoja yuko tayari kwa mwingine baada ya muda mfupi. Akikosea dume, amepoteza mbegu kidogo na dakika chache. Akikosea jike, amepoteza uzao mzima na wiki za njaa. Kwa hiyo, kizazi baada ya kizazi, majike waliokuwa makini waliacha watoto wengi kuliko waliopokea yeyote, na umakini ukarithiwa. Madume hawakupata msukumo huo. Ndiyo maana dume wa sato atamchezea karibu jike yeyote anayefanana fanana na perege, na kazi ya kusema hapana imebaki kwa jike.

Charles Darwin aliliona hili na kulieleza mwaka 1871, wakati wenzake wengi wakicheka wazo kwamba mnyama jike ana ladha. Ushahidi uliowanyamazisha wengi ulitoka Kenya, kwenye uwanda wa Kinangop. Kuna ndege mweusi wa jamii ya kwera, dume wake msimu wa kuzaliana anaota mkia wa kama nusu mita, mrefu kiasi kwamba anaruka kwa shida juu ya majani. Msweden Malte Andersson aliwakamata madume, wengine akawakata mkia ukabaki sentimita 14 hivi, na vile vipande akawaunganishia wengine kwa gundi wakawa na mkia mrefu kuliko alivyo ndege yeyote wa asili. Wengine aliwakata na kuwarudishia mkia wao wenyewe, ili asije mtu akasema ni gundi iliyoleta tofauti. Kisha akahesabu viota vipya. Majike walikwenda kujenga kwenye maeneo ya wale walioongezewa mkia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1982. Mimi napenda utafiti huu kwa sababu haukuhitaji maabara wala mashine, mkasi na gundi tu na uvumilivu wa kukaa kwenye baridi ya Kinangop.

Lakini mkia mrefu au rangi kali hufanya kazi mbili kwa pamoja, na watu huichanganya. Kazi ya kwanza ni kumwambia jike kwamba dume huyu ni mzima, ameshiba, hana minyoo. Ya pili ni kumwambia kwamba huyu ni wa kwenu. Alama ile ile inaweza kubeba habari zote mbili, na alama hiyo ikipotea, jike anakosa vyote viwili. Hapo ndipo tunapofika ziwani kwako.

Unawajua furu, wale wadogo wenye miiba ambao wavuvi wa zamani waliwajaza kwenye mitumbwi kabla ya sangara kuwamaliza. Ziwa Victoria lilikauka karibu lote miaka elfu kumi na tano hivi iliyopita. Maji yaliporudi, furu wakagawanyika spishi zaidi ya 500. Kwa mwanabiolojia huo ni mwendo wa kutisha. Wengi wao ukiwatoa rangi huwezi kuwatofautisha, na mayai ya huyu yanakubali mbegu ya yule bila tabu, watoto wakatoka wazima na wenye uzazi. Kilichowatenga kwa sehemu kubwa ni macho ya majike.

Wawili kati yao wamechunguzwa kuliko wengine wote, katika Ghuba ya Mwanza, ng'ambo tu ya kwenu. Mmoja ni Pundamilia pundamilia, dume wake ni wa kibuluu na anakaa maji ya juu juu. Mwenzake ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985, dume wake ana mgongo mwekundu na anakaa chini zaidi. Maji ya ziwa yana vumbi na vijimea vidogo vinavyomeza mwanga wa buluu kwanza, kwa hiyo kadiri unavyoshuka, mwanga unaobaki unaelekea wekundu. Furu wa chini wana macho yaliyorekebishwa na mageuko kuona wekundu vizuri, na jike mwenye macho hayo humwona dume mwekundu aking'aa. Jike wa juu ana macho ya mwanga wa juu, na kwake wa buluu ndiye anayeonekana. Hivyo uchaguzi wa mchumba umejengwa juu ya jicho, na jicho limejengwa juu ya maji.

Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walijaribu hili kwenye matangi. Chini ya mwanga mweupe, jike alimfuata dume wa aina yake. Wakabadilisha taa ili nyekundu na buluu zionekane sawa, na upendeleo ukayeyuka. Mwaka 1997 walitangaza kwamba jambo hilo hilo linatokea ziwani bila taa: mbolea za mashamba, maji machafu ya miji na udongo unaosombwa vimelifanya ziwa kuwa na ukungu, na pale ambapo ukungu ni mzito spishi zimeanza kuyeyukiana. Ukienda Makobe, kisiwa kilicho nje ya ghuba, maji ni angavu, unaona chini zaidi ya mita mbili, na furu mwekundu na wa buluu wamejitenga kabisa. Ukienda Luanso, ndani ya ghuba, maji ni kama chai ya maziwa na huoni zaidi ya nusu mita. Pale hakuna wawili tena. Kuna kundi moja, madume wenye rangi za katikati, na majike wasiojali.

Nimekaa sana kwenye furu kwa sababu bwawa lako ni Luanso ndogo. Nadhani umelichimba kwenye udongo wa mfinyanzi, umeweka samadi ili maji yawe ya kijani na chakula cha asili kiote, ukafanya vizuri kwa ufugaji. Lakini humo ndani jike wa ngege haoni rangi kwa mbali. Sato na ngege hawajachunguzwa kwa undani kama furu hao wa ghubani, kwa hiyo sitakuambia kwamba ni rangi peke yake iliyopotea kwako. Yako mambo mengine matatu ninayoweza kuyaona kutoka kwenye maelezo yako.

Kwanza ni nafasi. Ziwani, samaki wa namna mbili huweza kuchimba mashimo ya kuzalia kwenye sehemu tofauti na kina tofauti, hata kama ni ndugu. Bwawani kina ni kimoja, chini ni pamoja, na jike aliye tayari kutaga atapita mbele ya dume wa upande wa pili atake asitake. La pili ni uchache. Umesema ngege walikuwa wa kujazia, na sato ndio wengi. Jike wa ngege mwenye mayai yaliyoiva hana muda wa kusubiri, mayai yataharibika. Akikataa madume wote wa sato na dume wa ngege hajapatikana, uzao wa mara hiyo umekwenda bure. Chini ya hali hiyo umakini wake hushuka, na tumeuona mtindo huo kwa viumbe wengi: aliye mchache ndiye anayechanganyika. Punda milia yule wa Tsavo hakuwa na dume wake hata mmoja kijijini.

La tatu ni malezi, na hili huwashangaza hata wanafunzi wangu. Jike wa furu hazaliwi akiwa anajua kila kitu kuhusu dume wa kwao. Mwaka 2007 watafiti Machteld Verzijden na Carel ten Cate walichapisha jaribio ambalo mayai ya spishi moja ya Pundamilia yaliwekwa kwenye mdomo wa mama wa spishi nyingine, akawaatamia na kuwalea kama wake. Mabinti walipokua waliwapendelea madume wa aina ya mama mlezi. Walijifunza kwa mama, katika siku zile chache za kuogelea mbele ya mdomo wake na kurudi ndani wakiona hatari. Hatuwezi kuchukua matokeo ya furu tukayabandika kwa ngege moja kwa moja. Ila yanatuonyesha kwamba vifaranga waliokulia katikati ya kundi lisilo lao wanaweza kukua na kipimo kingine cha mchumba.

Usije ukaondoka hapa ukidhani kila jike anayekubali dume wa spishi nyingine amekosea. Kuna vyura wa jangwani kusini magharibi mwa Marekani wanaotaga kwenye madimbwi ya mvua. Mtafiti Karin Pfennig alionyesha mwaka 2007 kwamba jike wa spishi moja, akiwa kwenye dimbwi lenye maji mengi, huchagua mlio wa dume wa kwao. Dimbwi likiwa dogo, linalokaribia kukauka, huhamia kwa madume wa spishi jirani. Viluwiluwi chotara hukua haraka na kutoka majini kabla ya ukame, ingawa wakiwa wakubwa madume wao ni tasa na majike hutaga mayai machache. Jike amepima kati ya wajukuu wachache na kutopata mtoto kabisa. Hapigi hesabu kichwani bila shaka. Majike waliokuwa na tabia ya kubadilika kulingana na maji ndio walioacha uzao.

Pale ambapo chotara ni dhaifu na madume wa kwao wapo, uchaguzi wa asili unafanya kazi kinyume: kila jike anayekosea anapoteza, na baada ya vizazi vingi majike wanaoishi karibu na spishi ya pili wanakuwa wakali wa kuchagua kuliko dada zao wanaoishi peke yao. Kwa sato na ngege msukumo huo ni mdogo, kwa sababu chotara si dhaifu, na kwa sababu hawakuwahi kukutana mpaka binadamu alipowakutanisha.

Hapo ndipo penye uzito wa jibu langu la ziwani. Sato unayemjua, anayejaza soko la Kirumba, si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950, karibu na wakati ule ule wa sangara. Wenyeji walikuwa ngege, ambaye Michael Graham alimpa jina la kisayansi mwaka 1928 wakati akiwa ndiye samaki mkuu wa biashara ziwani, na mbiru, perege mwingine wa asili. Nyavu zilikuwa zimeshawapunguza. Akaja sato mwenye tumbo linalokubali kila chakula, akashika sehemu za kuzalia, na juu ya hayo akazaana nao. Leo ngege ndani ya ziwa lenyewe ni wa kutafuta kwa taa. Amebaki kwenye vijiziwa vya pembeni kama Kanyaboli upande wa Kenya, na kwenye malambo ya zamani aliyopandikizwa. Ina maana lile lambo la kijiji alikovua mvuvi wako huenda ni miongoni mwa sehemu chache alikojihifadhi.

Ukiwaachia chotara kule, au maji ya bwawa lako yakifurika masika na kuwapeleka, hawatakufa kwa aibu. Watakua, watazaana na ngege waliobaki, watoto wao watazaana tena, na baada ya miaka kadhaa utavua samaki anayefanana na ngege lakini ndani ana vipande vya sato, na hakuna njia ya kuvichuja. Kuvua kupita kiasi kunaweza kusitishwa na samaki wakarudi. Hili halirudi. Naona wafugaji wengi wanaogopa magonjwa peke yake wanapofikiria maji ya kutoka bwawani, na hawafikirii uzazi.

Upande wa biashara yako, kuna imani kwamba chotara ni bora kila mara, kama nyumbu alivyo na nguvu. Imani hiyo ina chanzo cha kweli, tena chenye asili ya kwetu. Mwaka 1960 mtaalamu wa samaki C. F. Hickling, akifanya kazi Malacca, Malaysia ya leo, alieleza alivyochukua dume wa perege kutoka Zanzibar akampandisha kwa jike wa perege wa Msumbiji. Watoto wote wakatoka madume. Inatokea hivyo kwa sababu jinsia ya samaki hawa wawili inaamuliwa kwa njia mbili tofauti: kwa mmoja, jike ndiye mwenye kromosomu mbili za jinsia zinazofanana, kwa mwenzake ni dume. Ukichukua jike wa kwanza na dume wa pili, hakuna anayebeba kromosomu ya kuleta jike. Wafugaji wakashangilia, maana madume hukua haraka na bwawa la madume watupu halijai vitoto. Ukigeuza, jike wa Zanzibar na dume wa Msumbiji, majike wanatokea tena. Na ukiruhusu chotara wenyewe wazaane, hesabu inavurugika na faida imekwisha. Faida ile ilikuwa kwenye uzao wa kwanza tu, kwa wazazi waliochaguliwa na kutunzwa kila mmoja peke yake.

Bwawa lako halina mpango huo. Una sato ambao hujui walitoka kituo gani, umechanganya na samaki wa lambo, na sasa una uzao wa kwanza, pengine na wa pili, wote pamoja. Ukiwafanya wazazi utapata watoto wa kila namna, wengine wanakua, wengine wanadumaa, na kila kizazi kitakuwa bahati nasibu. Tena perege huanza kuzaa wakiwa na miezi michache tu, kwa hiyo ukiona wamedumaa, sehemu ya udogo huo huenda ni msongamano, wala si uchotara. Ukipunguza idadi utaona tofauti.

Kabla hujafanya lolote, hakikisha ni nini ulicho nacho. Chukua samaki waliokua, vifaranga waache, mistari yao haijakaa sawa. Mtandaze kwenye sahani nyeupe yenye maji, ufungue mkia kwa vidole. Sato halisi ana mistari myembamba ya kusimama, imepangana vizuri kutoka mwanzo wa mkia hadi ukingoni. Ngege hana mistari hiyo. Mistari iliyokatika, iliyofifia, au iliyojaa juu tu ni dalili ya mchanganyiko. Angalia samaki wengi, wawili hawatoshi, na ujue kwamba jicho lina mwisho: mtoto wa chotara na sato anaweza kuwa na mkia wa sato kabisa. Uwezekano mwingine ni kwamba mvuvi alikuletea perege wa aina nyingine kabisa, yule mwenye tumbo jekundu, ambaye naye aliletwa ziwani. Huyo haatamii mdomoni, hutaga chini na kulinda mayai. Ukiona jozi inalinda mayai yaliyobandikwa chini, niambie, maana hadithi itabadilika. Furu ndiye asikusumbue, yuko mbali mno kiukoo na sato.

Ushauri wangu ni huu, na una gharama, sitaki kukuficha. Lisha hawa mpaka wafikie ukubwa wa kuuza, kisha vua wote. Ungeweza kuwachambua na kubakiza wanaofanana na sato, itakuokolea pesa ya vifaranga, lakini kwa sababu niliyoieleza ya mkia, utakuwa umebakiza chotara bila kujua. Mimi nisingefanya. Kausha bwawa mpaka udongo upasuke, mwaga chokaa kwenye madimbwi yanayobaki maana vitoto hujificha humo, na uanze upya na vifaranga kutoka kituo kinachoweza kukuambia wazazi wao walitoka wapi. Unapomwaga maji, funga wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea, na maji uyapeleke shambani, yasishike mfereji unaokwenda lamboni au ziwani. Bwawa la pili lichunguze kwa njia hiyo hiyo kabla ya kuhamisha hata ndoo moja kutoka la kwanza.

Yapo mambo ambayo maandishi hayawezi kuyamaliza. Kama samaki wanakufa, wana vidonda, au wana migongo iliyopinda, usihusishe na uchotara, mwite ofisa uvuvi wa wilaya aje aone maji na samaki wakiwa hai. Kama bwawa limekaa bondeni na masika hufurika, mwite kabla ya mvua, kwa sababu kuinua tuta ni kazi ya kupimwa pale pale. Na kuhusu lambo la kijiji, ningependa usiishie kwa ofisa uvuvi. Wasiliana na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania kilichopo Mwanza. Muulize mvuvi alivua sehemu gani hasa, chukua samaki wachache wazima wa lambo na wachache wa bwawani kwako, kata kipande kidogo cha pezi la kila mmoja, weka kila kipande kwenye kichupa chake chenye spiriti, andika kwa penseli kimetoka wapi na lini, na upige picha ya mkia wa kila samaki ukiwa umefunguliwa. Penseli, si kalamu ya wino, spiriti hufuta wino.